Ephraim Alivyofufuka Kwenye Mahindi

Kitabu kilikuwa kinene kama tofali, na mtu wa kwanza kufanya jambo la maana ndani yake alilifanya baada ya kurasa sitini. Kabla ya hapo ni mvua, ukungu na lango. Lango la mbao la kutozea ushuru. Mwandishi alilizunguka mbele na nyuma, bawaba kwa bawaba, kama mtu anayetaka kulinunua lakini bei haijamkaa.

Tulipewa mwezi wa tano, siku ya kufunga shule, wakati mwili uko darasani na roho iko mtoni. Mwalimu Pospisil aligawa nakala, akasema maneno anayowaambia wanafunzi wa Kiingereza cha Juu kila mwaka: "Someni likizo yote. Mkirudi nitawauliza mmoja mmoja, kwa mdomo. Na sitauliza ya kwenye filamu."

Mjini kwetu hata mtu wa kituo cha mafuta anajua maana ya maneno hayo. Ipo filamu ya kitabu kile, na kwenye filamu Honora, binti wa mtoza ushuru, anaolewa na Ephraim, mswaga ng'ombe. Kwenye kitabu hakuna harusi. Walioanguka kwa Mwalimu Pospisil kwa sababu ya harusi ile wanaweza kujaza kanisa na wengine wakabaki wamesimama nje. Baba yangu ni mmoja wao. Hadi leo ukimtajia anasema harusi ilipendeza sana.

Mwaka huu kulikuwa na jambo kubwa kuliko kuanguka. Shule yetu ni ndogo, wilaya ina ng'ombe wengi kuliko watu, na msimamizi wa shule alikuwa ameshatamka: darasa la Kiingereza cha Juu litakuwepo likipata wanafunzi wanane. Wakiwa saba, halipo. Tulikuwa wanane barabara. Mimi nililitaka darasa lile kwa sababu linahesabiwa chuoni Lincoln, na kwa sababu ukilikosa unapelekwa kwa Kocha Bartek, ambaye hufundisha Kiingereza kwa kuwasha projekta na kusinzia. Niliwaangalia wenzangu sita nikaridhika. Wale hula asubuhi huku wanasoma maandishi ya kwenye boksi la nafaka. Kisha nikamwangalia wa nane.

Wa nane alikuwa Tucker, mtoto wa baba mdogo.

"Tucker, wewe huku umefuata nini?" nilimuuliza palepale.

"Chumba cha Pospisil kina kiyoyozi, dada."

"Hicho tu?"

"Ulishawahi kukaa chumba cha Kocha mwezi wa nane?"

Nilishawahi.

Huku kwetu Nebraska walimu wakifunga shule hawapotei. Mwezi wa saba unakutana nao kwenye mahindi. Kampuni za mbegu zinataka vijana wa kung'oa mbelewele, yale mashada ya njano juu ya mhindi, na anayepewa kazi ya kuwakusanya, kuwapakia kwenye basi la manjano alfajiri na kuwasimamia ni mwalimu, kwa kuwa ndiye mtu pekee mjini aliyezoea kupuuzwa na vijana bila kuvunjika moyo. Kiongozi wa kikosi chetu ni Mwalimu Pospisil. Basi fikiria maisha hayo: aliyekupa kitabu cha likizo ndiye anayetembea nyuma yako likizo nzima.

Kazi yenyewe haina siri. Mistari minne ni jike, mmoja ni dume. Mbelewele za jike unang'oa zote, za dume unaziacha, ili mbegu itoke chotara. Ukisahau moja kwenye jike, ikamwaga chavua, umewaharibia majirani zake wote, na mkaguzi wa kampuni hana utani, anaweza kulikataa shamba zima. Mwalimu Pospisil hamfukuzi mtu kwa kusahau. Anakujia na kofia yake ya ukindu, anakuonyesha ulikotoka, anasema maneno mawili: "Rudi mstari." Unarudi nusu ya shamba kwa ajili ya mbelewele moja, majani yanakukwaruza shingo, na yeye anakungoja mwisho wa mstari amekunja mikono. Chavua haijamwagika, anasema, hakuna lililoharibika.

Na kwenye pipa la maji, ukiwa umeinama kunywa, unamsikia nyuma ya sikio: "Delaney, Honora alimwambia nini baba yake usiku ule wa mafuriko?"

Ukikosea anatikisa kichwa vilevile anavyotikisa akiona mbelewele iliyosahauliwa. Jibu baya na hindi baya kwake ni kitu kimoja.

Mimi nilikuwa nasoma, nisisingiziwe. Lakini soma na wewe ukiwa umesimama kwenye mahindi tangu alfajiri, umevaa mfuko wa taka uliotobolewa matundu ya mikono kwa sababu ya umande, kisha mchana umeuvua kwa sababu unaiva. Jioni nilifungua kitabu na vidole vimevimba kama soseji, nikasoma aya moja ya lango, nikaamka asubuhi na alama ya ukurasa shavuni. Na kila nguvu iliyobaki niliimalizia kwa Tucker. Nilimpigia simu kumuuliza amefika wapi. Nilimwekea kitabu mlangoni kwao. Nilimwambia bibi yetu asimpe kolache, maandazi yake ya matunda, mpaka amalize sura, na bibi akaniambia Mungu hakuumba mtoto anyimwe kolache kwa ajili ya lango.

Kisha asubuhi moja Tucker akapanda basi na spika zimo masikioni.

"Nasikiliza kitabu," akasema kabla sijafungua mdomo. "Kaka Wyatt alikuwa nacho tangu mwaka wake kwa Pospisil. Sura zote, kila sura peke yake, kazipakia kwenye simu yangu. Mikono inang'oa, masikio yanasoma. Usinisumbue tena."

Nikamtazama. Kwa mara ya kwanza tangu tuzaliwe, Tucker alikuwa na wazo. Nikaona haya kidogo kwa yote niliyomsema.

"Umefika wapi?" nikamuuliza tulipokutana kwenye pipa siku hiyo.

"Mazishi."

"Mazishi gani? Mimi bado niko kwenye kesi ya ng'ombe."

"Basi nimekuharibia. Pole. Ephraim anakufa."

Nilitaka kumpiga na ndoo. Nikajikaza. Ananitangulia, nikajiambia, ashukuriwe Mungu, anasikiliza kasi kuliko ninavyosoma. Kesho yake namuuliza tena.

"Leo Ephraim kamposa Honora," anasema, anafuta jasho. "Nimelia kidogo. Usimwambie mtu."

"Jana si ulisema kafa?"

"Kafa, ndiyo."

"Sasa anaposaje?"

"Ndiyo raha yake," Tucker akasema, akanitazama kwa huruma, kama mtu anayemwonea huruma mgeni asiyejua kula chakula cha mahali. "Hiki kitabu si cha kitoto, Delaney. Lazima utulie nacho."

Posa niliisoma zamani, iko huko mwanzoni. Nikadhani anarudia sehemu anazozipenda. Tucker ni mtu wa kurudia; filamu ya magari ya kuruka ameitazama mpaka anajua dereva gani atapiga chafya. Nikamwacha.

Mambo yakaendelea hivyo. Siku moja Honora kalikatakata lango kwa shoka. Siku ya pili Honora ni mtoto wa miaka sita amekalia lango lilelile anakula tufaha. Nikimuuliza anasema ni kumbukumbu, mwandishi anacheza na wakati. Nilianza kuudhika kwa namna mpya kabisa: nilikuwa naudhika kwamba Tucker anakielewa kitabu kuliko mimi. Mimi niliona lango na mvua. Yeye anaona mwandishi anacheza na wakati.

Wiki ya mwisho ya mbelewele Mwalimu Pospisil alisimama mbele ya basi na mkoba wake.

"Msimamizi anataka majina ya darasa kabla ya kupanga ratiba," akasema. "Kwa hiyo nyie wanane sitawangoja hadi shule ifunguliwe. Siku ya mwisho ya kazi, wakati wenzenu wanakula piza, mtaingia kwenye pikapu langu mmoja mmoja. Aliyesoma, amesoma. Ambaye hakusoma, msimamizi atapata majina saba na mimi sitamdanganya."

Mimi wakati huo nilikuwa nimepita robo tatu ya kitabu, mahali Ephraim anapelekwa jela kwa ng'ombe asiowaiba. Nikajitahidi. Nikasonga mbele hivi, nikalala. Nikasonga tena, nikalala. Asubuhi ya siku ya mwisho sura za mwisho zilikuwa bado hazijafunguliwa, kurasa zake zimenyooka na safi kama shuka za wageni. Nikamtafuta Tucker. Alikuwa mstari wa pili kutoka kwangu, kichwa tu kinaonekana juu ya mahindi.

"Umemaliza?"

"Jana jioni. Nimesikiliza hata lile tangazo la kuwashukuru watu."

"Niambie kinaishaje."

Akatoa spika masikioni. Nakiri alisimulia vizuri. Alisimulia huku anang'oa, na mimi nang'oa namsikiliza, tunakwenda sambamba. Ephraim yuko jela. Habari inakuja amekufa, kuna mazishi, Honora kwa uchungu analivunja lango kwa shoka na watu wanapita bure. Lakini mwisho kabisa inakuja barua: Ephraim kasamehewa, anarudi nyumbani. Honora analipaka lango rangi nyeupe, anavaa gauni lake zuri, anasimama kumngoja. Basi.

"Na aliyezikwa?"

"Walizika mtu mwingine," Tucker akasema. "Mwandishi hasemi wazi. Anakuachia mwenyewe."

"Na lango si limevunjwa?"

"Si alilijenga upya. Utapakaje rangi lango ambalo halipo? Tumia akili, dada."

Nikakaa nalo kidogo. Hakuna harusi. Hilo ndilo lililonituliza. Kama angekuwa ameiba kwenye filamu, kungekuwa na harusi na keki. Alichonipa kilikuwa cha ajabu, cha huzuni na furaha pamoja, na hakieleweki vizuri. Kwa maneno mengine, kilifanana kabisa na kitabu cha shule.

Saa ya piza ikafika. Wenzetu wakajitupa kwenye nyasi kando ya basi. Nikajitolea kuingia kwanza, maana habari ilikuwa bado ya moto kichwani. Pikapu la Mwalimu Pospisil linanuka mbwa na chaki. Alikaa kwenye usukani, kofia juu ya dashibodi, macho mbele kwenye mahindi.

"Mwisho wa kitabu, Delaney. Nieleze Honora anafika wapi."

Nikamweleza. Sikueleza tu, nilipamba. Nikasema ustadi wa mwandishi uko kwenye mazishi yale, anatutoa machozi sisi wasomaji kwa maiti asiyemhusu mtu, ili barua ya msamaha ikija tuone haya kwa machozi yetu. Nikasema shoka ni hasira na rangi nyeupe ni kusamehe. Nikasema kujengwa upya kwa lango hakuandikwi kwa makusudi, kwa kuwa ujenzi wa kweli hufanyika moyoni.

Mwalimu Pospisil alikuwa ametulia. Ana utulivu wake mmoja tunaoujua wote, wa mkaguzi aliyeona mbelewele ya njano juu ya kijani.

"Lango lilijengwa upya," akasema.

"Ndiyo, mwalimu."

"Na nani yuko kaburini?"

"Mwandishi anatuachia wenyewe."

Akavua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa tena. "Nimefundisha kitabu hiki tangu baba yako ana nywele," akasema polepole. "Nimeletewa harusi. Nimeletewa muhtasari wa gazetini. Mwaka mmoja nililetewa mwisho wa kitabu kingine kabisa, chenye nyangumi. Ufufuo sijawahi kuletewa. Nani kakupa hii?"

Sikumtaja. Sikuhitaji. Macho yangu yenyewe yalikwenda kwenye nyasi, kwa mtu aliyekuwa anakunja vipande viwili vya piza kuwa kimoja.

"Tucker," akaita dirishani. "Njoo na simu yako."

Tucker akaingia kutoka upande wa pili, nikabanwa katikati, mchuzi wa nyanya ukanidondokea gotini. Akasimulia yaleyale, neno kwa neno, hata na "mwandishi anakuachia mwenyewe". Kisha Mwalimu Pospisil akanyoosha mkono, akachukua simu, akaitazama. Akanielekezea. Kwenye kona ya kioo kulikuwa na mishale miwili inayopishana, imewaka kijani. Ile alama ya kuchanganya nyimbo.

Niliinama nikaitazama tena.

"Tucker," nikasema, "umesikiliza sura zimechanganywa."

"Zimechanganywa vipi?"

"Kama nyimbo. Simu imekupigia yoyote iliyoitaka. Kila sura inapoanza yule msomaji hasemi namba?"

"Anasema."

"Anasemaje?"

"Sura ya arobaini. Sura ya tatu. Sura ya ishirini na sita." Akanitazama, akamtazama mwalimu. "Sasa nyie si ndio mlisema vitabu vya zamani ni vigumu? Nikajua ndio ugumu wenyewe huo."

Mwalimu Pospisil aliegemeza paji la uso kwenye usukani, akakaa hivyo. Honi ikalia kidogo. Kwenye nyasi watu wakageuka.

Mimi nilikuwa nahesabu. Sasa hatukuwa saba. Tulikuwa sita. Kiangazi chote nilikuwa nimemlinda Tucker asilizamishe darasa, na nilipochoka kumlinda nikamshika mkono tukazama wote. Nikamwona Kocha Bartek na projekta yake. Nikasema: "Mwalimu, mimi nimesoma hadi jela. Hadi pale nimesoma kweli. Niulize chochote cha kabla ya jela."

"Hilo najua," akasema bado kichwa kiko chini. "Ninakuuliza tangu mwanzo wa mwezi."

"Na mimi nimesikiliza kitabu kizima," Tucker akasema. "Hakuna sura niliyoruka. Hilo nalo liandikwe."

Mwalimu Pospisil akainua kichwa. Akatazama lile shamba tulilolimaliza, mistari jike imekatwa vichwa sawasawa, mistari dume imesimama na mashada yake. Mkaguzi alikuwa bado hajaja.

"Mmoja kaacha mwisho wa mstari," akasema. "Mwingine kapita mistari yote ya shamba kama kuku. Sijampelekea msimamizi majina." Akatoa kitabu chake mwenyewe kutoka nyuma ya kiti, kimefungwa kwa raba kisimwagike kurasa, akanitupia mapajani pale mahali pa jela. "Rudini mstari. Delaney anasoma kwa sauti, Tucker anasikiliza, kwa mpangilio aliouandika mwenye kitabu. Basi haliondoki mpaka mmalize, na nyie ndio mtawaambia wenzenu kwa nini."

Akashuka, akafunga mlango. Tukasikia miguno ikienea kwenye nyasi kama upepo.

Nikasoma. Nilisoma mpaka koo likakauka, milango iko wazi, inzi wanaingia na kutoka. Kila baada ya ukurasa Tucker ananikatiza.

"Subiri. Kwa hiyo barua ya msamaha inakuja kabla?"

"Kabla ya nini, Tucker?"

"Kabla hajafa."

"Kaa kimya nisome."

Nikasoma rangi nyeupe. Nikasoma gauni. Tucker anatabasamu, anapajua, anasema maneno pamoja nami. Nikafungua sura inayofuata: Ephraim katoka jela na homa, anatembea kwa miguu, analala kwenye zizi la watu kijiji cha jirani, na asubuhi haamki. Wanamleta kwa mkokoteni. Honora anauona mkokoteni kwa mbali, anadhani ni mteja, anatoka kudai ushuru.

Tucker akashika mkono wangu, ukurasa haugeuki.

"Hapana," akasema.

"Uliisikia hii. Siku ya kwanza. Uliniambia mwenyewe pale kwenye pipa."

"Niliisikia sijamjua. Alikuwa maiti tu." Akageukia dirishani. "Sikujua kwamba rangi bado ni mbichi."

Nilimsomea mazishi na shoka akiwa amenipa kisogo. Nilipomaliza, Mwalimu Pospisil alikuwa amesimama mlangoni, kofia kichwani, mikono kaikunja, kama mwisho wa mstari.

"Swali moja kwa wote wawili," akasema. "Alilipaka rangi lango bure?"

Nikasema ndiyo, na ndiyo maana ya shoka: alilivunja kwa sababu lilimfanya amdai ushuru mtu aliyekuwa anamngoja. Nikasema na mengine, ya kutosha. Akatikisa kichwa, lakini kwenda chini na juu, jambo ambalo sikuwahi kuliona kiangazi kizima.

"Tucker."

"Mimi bado nasema mpangilio wangu ulikuwa bora," Tucker akasema, macho mekundu. "Kwangu mimi alikuwa anarudi. Huyu mwandishi alikuwa na sura zote mkononi, akazipanga hivi kwa makusudi. Ningekuwa na namba yake ningempigia."

"Amekufa zamani."

"Vizuri."

Mwalimu Pospisil alimtazama kwa muda, kama anayetafuta mahali pa kumshikia. Kisha akatoa karatasi kwenye mkoba, akaandika majina yetu mawili chini ya mengine sita, ya wenzetu aliowahoji palepale kwenye nyasi wakati tunasoma, kwa kalamu iliyokuwa inagoma, akikwaruza kwa nguvu.

"Shuka kwenye gari langu, Tucker. Na uifute hiyo nyanya."

Shule ilipofunguliwa mwezi wa nane tulikuwa wanane. Tucker aliwahi kuliko wote, akachukua dawati la nyuma, lile lililo chini kabisa ya kiyoyozi, akanyoosha miguu, akafumba macho kungoja ubaridi. Chumba kilikuwa kinachoma kama tanuri. Nilimwacha kidogo, nipate raha yangu. Kisha nikamwonyesha karatasi iliyobandikwa pembeni ya mashine: mbovu tangu mwezi wa sita, fundi atakuja atakapopatikana.

"Kimekufa, Tucker. Kilikufa hata kabla hujaanza sura ya kwanza."

Akafungua jicho moja, akaisoma karatasi, akalifumba tena.

"Labda wamezika kingine," akasema.